Ukomo wa bei ya stima, gesi na mafuta taa: nani hulipa ile tofauti?

Uzi. Huu ni mrefu, kwa hivyo tafuta chai kwanza.

Sheria ni zile zile za nyuzi zangu: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukileta majina kwenye majibu nitakupita tu kama matatu iliyojaa. Leo nataka tuongee kuhusu ahadi ambayo wagombea wa kila rangi huitoa wakisimama juu ya gari pale kwetu Rodi Kopany, kwenye makutano ya barabara ya Homa Bay na Rongo na ile ya kuenda Ndhiwa mpaka Sori: "Tutashusha stima. Tutashusha gesi. Tutaweka ukomo wa bei." Watu hushangilia, na wana sababu. Mtu anayenunua tokeni za shilingi 50 anajua bei ya umeme kuliko profesa yeyote.

Lakini hakuna anayeuliza swali la pili. Kama kitu kinagharimu shilingi 100 kukileta hapa na wewe umesema kiuzwe 80, zile 20 zinalipwa na nani? Kenya imejibu swali hilo kwa njia tofauti tofauti kwa zaidi ya miaka sitini. Wakati mwingine hazina ya serikali ililipa. Wakati mwingine kampuni. Wakati mwingine ni mtu wa bodaboda, kwa kusimama foleni saa tatu. Na wakati mwingine, hii ndiyo huniudhi, ni mpangaji wa chumba kimoja.

Tuanze zamani kidogo.

Udhibiti wa bei si kitu kipya. Serikali ya kikoloni ilianza kupanga bei za bidhaa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ikaja kuwa na Sheria ya Udhibiti wa Bei ya 1956, na Kenya huru ikairithi sheria hiyo bila wasiwasi wowote. Unga, sukari, mafuta, vyote vilikuwa na bei iliyotoka ofisini Nairobi. Kwa mafuta, kampuni zilileta mafuta ghafi, yakasafishwa Changamwe, Mombasa, na serikali ikasema lita itauzwa ngapi. Mwananchi alijua bei moja na akaizoea. Ila mafuta ghafi hayakuwa yanatoka Changamwe. Mwaka 1973 na tena 1979 bei ya dunia iliporuka, wizara haikuwa na namna, ilibidi bei ipande. Hilo ni somo la kwanza na ni fupi: ukomo wa ndani hauwezi kuamuru bei ya Ghuba.

Miaka ya 1990 ikaja na masharti ya wafadhili, na udhibiti ukaondolewa bidhaa moja baada ya nyingine. Mafuta yaliachiliwa Oktoba 1994. Kuanzia hapo kila kituo kilijiwekea bei. Nadharia ilikuwa kwamba ushindani utashusha bei. Sasa fikiria ushindani huo katika mji wenye vituo viwili, na vyote vinaletewa mafuta na lori linalopakia kwenye bohari moja Kisumu. Nani atashindana na nani?

Kilichoua imani ya watu ni 2008. Julai mwaka huo pipa la mafuta ghafi lilifika karibu dola 147. Kufikia Desemba lilikuwa limeanguka chini ya dola 40. Bei ya pampu huku kwetu ilipanda upesi kama roketi, halafu ikashuka kama manyoya. Wauzaji walikuwa na sababu zao (mafuta ya bei ya juu bado yako kwenye matangi, dola imepanda, na kadhalika) na nyingine zilikuwa za kweli. Lakini tofauti ilionekana kwa macho, na Bunge likapiga kelele.

Kwa hivyo ukomo ukarudi. Desemba 2010 tume ya kudhibiti nishati, ambayo tangu sheria ya 2019 inaitwa EPRA, ilianza kutangaza bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta taa. Ndiyo ile ya tarehe 14 kila mwezi, inayoanza kutumika tarehe 15. Ukifungua jedwali lake utaona mji kwa mji, kwa sababu usafiri kutoka Mombasa unahesabiwa.

Hapa niwaombe tusikimbie, maana mjadala mwingi hupotea hapa.

Watu husikia "ukomo" wakafikiri ni dari, kwamba bei haiwezi kupita hapo. Ile ya EPRA ni hesabu inayorudiwa kila mwezi. Unachukua gharama ya shehena iliyofika Mombasa mwezi uliopita, unaibadilisha kutoka dola kuwa shilingi, unaongeza bomba na maghala na lori, unaongeza faida ya muuzaji iliyowekwa kwa kiwango maalum, kisha unaongeza kodi na tozo. Jumla ndiyo "ukomo". Dunia ikipanda, ukomo unapanda. Shilingi ikianguka, ukomo unapanda. Kinachozuiwa hasa ni kile kipande cha muuzaji, yaani asikuuzie kwa bei ya roketi. Ni kazi nzuri, naiunga mkono. Lakini kipande hicho ni kidogo, wakati kodi na tozo ni kati ya theluthi na nusu ya bei, kutegemea mwezi. Tozo ya barabara peke yake ilikuwa shilingi 18 kwa lita, ikaongezwa hadi 25 Julai 2024. VAT ya mafuta ilianza Septemba 2018, mwezi huo huo ikawekwa kwenye asilimia 8, ikawa 16 Julai 2023. Kwa hivyo anayeshika panga la kupunguza bei ndiye pia anayekula kipande kinono. Mgombea akikuambia ataweka ukomo, muulize kwa upole: ukomo wa kipande kipi?

Wazo la kuzuia kweli kweli, yaani kushikilia bei hata gharama ikipanda, tulilijaribu 2021. Kulikuwa na tozo ya maendeleo ya petroli. Julai 2020 iliongezwa kutoka senti 40 hadi shilingi 5.40 kwa lita, mafuta yakiwa rahisi duniani kwa sababu ya korona. Fikira ilikuwa ya busara: weka akiba wakati wa neema, itumie wakati wa njaa. Kuanzia Aprili 2021 pesa hizo zikaanza kutumika kuziba tofauti. Kampuni inauza kwa bei ya chini, serikali inailipa baadaye.

"Baadaye" ndilo neno la kuangalia. Vita vya Ukraine vikaanza Februari 2022, tofauti ikawa kubwa, na malipo ya serikali yakachelewa. Kampuni zikasema zinadai mabilioni. Aprili 2022 vituo vikakauka nchi nzima. Mnakumbuka. Jedwali lilisema lita ni bei fulani, lakini mafuta hayakuwepo kwa bei hiyo, na aliyekuwa nayo kwenye jerikeni kando ya barabara aliuza anavyotaka. Bodaboda hakulipa ile tofauti kwa EPRA, aliilipa kwa mtu wa jerikeni, na kwa asubuhi nzima ya kukosa abiria.

Septemba 2022 ruzuku ya petroli ikaondolewa, ya dizeli na mafuta taa ikabaki kwa sehemu. Petroli Nairobi ikatoka 159.12 hadi 179.30 kwa usiku mmoja. Agosti 2023 ruzuku ikarudi kwa muda, bei ikashikiliwa kwenye 194.68, na mwezi uliofuata ikaruka hadi 211.64. Ukiitazama hiyo ngazi utaelewa: kushikilia kulichelewesha tu pigo, kisha likaja lote kwa pamoja. Sisemi ruzuku ni mbaya. Mwezi mmoja wa nafuu kwa mwenye kinu cha dizeli kule Ndhiwa ni pesa halisi. Nasema ni mkopo, na deni lake lina jina la mlipa kodi.

Na mwaka 2024 bei iliendelea kushuka, Machi petroli ikawa chini ya 200. Hakuna aliyebadilisha ukomo. Shilingi ilipata nguvu, kutoka kama 160 kwa dola mwezi Januari hadi kama 130 hivi. Serikali yoyote hapo hujipigia makofi. Wacha wapige.

Sasa mafuta taa, kwa sababu hapa ndipo historia inakuwa chungu.

Mafuta taa yalikuwa na kodi ndogo kwa miaka mingi, kwa makusudi, kwa kuwa ni ya koroboi na stovu za watu wa chini. Wajanja wakaona nafasi: changanya mafuta taa na dizeli, uza yote kama dizeli, weka tofauti ya kodi mfukoni. Injini zikaharibika, hazina ikapoteza pesa. Suluhisho la Septemba 2018 lilikuwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili bei ikaribie dizeli na uchanganyaji usilipe. Ilifanya kazi. Mauzo ya mafuta taa yalianguka sana. Lakini adhabu ya mchanganyaji wa mafuta ililipwa na mama anayepika kwa stovu. Mwaka huo huo, Februari, serikali ilikuwa imesimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma, na gunia la makaa likapanda. Milango miwili imefungwa kwa mwaka mmoja, halafu tunashangaa kwa nini watu wamerudi kwa kuni.

Na kumbukeni, ule ukomo wa mafuta taa ni wa pampu. Dukani kijijini mafuta taa huuzwa kwa chupa ndogo, na mwenye duka ameongeza nauli yake na faida yake. EPRA haiji kupima chupa. Anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa lita kuliko anayejaza gari, na huyo wa chupa ndiye ukomo uliwekwa kwa ajili yake.

"Na gesi je?" Nimeulizwa hili mara nyingi kwenye inboksi. Jibu litawashangaza wengi: gesi ya mtungi haina ukomo wa bei. Haimo kwenye tangazo la tarehe 14. Ndiyo maana mtungi wa kilo 6 una bei moja Rodi, nyingine Homa Bay mjini, nyingine Rongo. Kilichobadilika kwa gesi ni kodi tu, na imebadilika kama kinyonga. VAT iliondolewa 2016, watu wakahimizwa wanunue mitungi. Julai 2021 ikarudi kwa asilimia 16. Julai 2022 ikapunguzwa hadi 8. Julai 2023 ikaondolewa tena. Familia iliyojikaza 2019 ikanunua mtungi na bana, miaka miwili baadaye ilikuwa inautumia kama meza ya kuwekea ndoo. Kulikuwa pia na mpango wa kusambaza mitungi ya bei nafuu kupitia shirika la serikali la National Oil, ukakwama baada ya mitungi kukutwa na kasoro.

Ningekuwa mimi, ningependa kodi ya gesi ikae mahali pamoja miaka kumi, hata kama si sifuri. Mtu hawezi kubadilisha jiko kila bajeti inaposomwa.

Tuingie kwa stima. Hii ndiyo sehemu nimeingojea.

Bei ya stima haikuwahi kuachiliwa kama mafuta. Kenya Power huomba, mdhibiti hukubali au hukataa, na viwango hukaa miaka kadhaa. Juu ya kiwango hicho kuna nyongeza zinazobadilika kila mwezi: gharama ya mafuta ya mitambo, mabadiliko ya dola, mfumuko wa bei, halafu tozo ya umeme vijijini ya asilimia 5, halafu VAT. Kwa hivyo hata hapa, "bei imefungwa" ni nusu ya ukweli.

Kwa mtu maskini kuna kitu kinaitwa kiwango cha chini, yaani bei ya huruma kwa anayetumia kidogo. Wanasiasa hubishana kuhusu bei yenyewe. Angalieni mstari, yaani ni yuniti ngapi unaruhusiwa kabla ya kutolewa kwenye huruma hiyo.

Kabla ya katikati ya 2018 mstari ulikuwa yuniti 50, kwa shilingi 2.50 kila moja. Inasikika tamu, lakini kulikuwa na malipo ya kudumu ya shilingi 150 kila mwezi, utumie usitumie. Mwaka 2018 malipo hayo yakafutwa, ikatangazwa kama ushindi kwa mwananchi. Mstari nao ukashushwa kutoka 50 hadi 10. Yuniti 10! Hiyo ni taa, simu na redio, ukiongeza pasi umetoka. Kelele zikawa nyingi, na Novemba mwaka huo huo mstari ukapandishwa hadi 100, kwa shilingi 10. Huo ndio wakati nafuu iliwafikia watu wengi zaidi, na hakuna anayeukumbuka kwa sababu haukuwa na wimbo wa kampeni.

Januari 2022 ikaja punguzo la asilimia 15, sehemu ya kwanza ya ahadi ya zaidi ya 30. Bei ya mstari ikawa 7.70. Sehemu ya pili haikuja, na punguzo lenyewe liliisha na mwaka. Kisha Aprili 2023: mstari ukateremka kutoka 100 hadi 30, kwa shilingi 12.22. Kati ya 30 na 100 ikawa 16.30. Zaidi ya 100, 20.97. Hizi zote ni kabla ya nyongeza na kodi.

Chukua nyumba ya yuniti 40 kwa mwezi: taa, tivi ndogo, simu, pasi. Mwaka 2022 gharama ya yuniti ilikuwa 308. Aprili 2023 ikawa 652. Bei ya huruma yenyewe ilipanda kama asilimia 59 ukilinganisha na 2022, na hiyo ndiyo ilibishaniwa kwenye redio. Nyumba hii ilipandishiwa zaidi ya mara mbili kwa sababu mstari uliivuka ikiwa imelala.

Kuna sababu ya kushusha mstari, tuwe wa haki. Ulipokuwa 100, hata watu wenye uwezo walikuwa wanafurahia bei ya huruma, na mtu lazima azibe pengo. Kenya Power haina mti wa pesa. Uingereza nako, ambako ukomo wa bei ya gesi na stima za nyumbani ulianza Januari 2019, kampuni zaidi ya 25 zilianguka kuanzia 2021 gharama ya kununua ilipopita bei ya kuuza. Oktoba 2022 serikali yao ilibidi iingize pesa zake ili bili ya nyumba ya kawaida isimame kwenye pauni 2,500 kwa mwaka badala ya 3,549. Na hata hizo pauni 2,500 hazikuwa dari ya bili. Ni bei ya yuniti iliyozuiwa, ukitumia zaidi unalipa zaidi. Matajiri wenye wanauchumi wengi wamebaki na swali lile lile tulilo nalo Rodi.

Lakini kuna jambo ambalo wao hawalioni sana na sisi tunaishi nalo. Mstari unahesabu mita. Hauhesabu watu.

Hapa kwetu ploti nyingi zina vyumba sita, vinane, kumi, na mita moja. Wapangaji wanachanga. Sema vyumba sita, kila kimoja yuniti 20. Kila chumba peke yake kiko ndani ya huruma, na kwa bei za Aprili 2023 kingelipa 244.40. Lakini mita inaona 120, na kundi la mita hupangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Kwa hivyo yuniti zote ziliuzwa kwa bei ya juu kabisa ya nyumbani, ambayo Aprili 2023 ilikuwa 20.97. Chumba kile kile kikalipa 419.40. Shilingi 175 zaidi kila mwezi, kabla ya kodi, kwa kosa la kuwa na ukuta mmoja na majirani. Na jumba la mtu mmoja mwenye sola juu ya paa, anayechota yuniti 28 tu kutoka kwa Kenya Power, analipa bei ya maskini.

Mahali ploti ina mita ndogo ndogo za mwenye nyumba kwa kila chumba, hali ni ile ile au mbaya zaidi. Yeye hununua kwa bei ya juu, huuza kwa bei anayopanga mwenyewe. Hakuna tarehe 14 ya mita hizo.

Ukinipa nafasi ya kuuliza swali moja kwenye mkutano wowote wa siasa Homa Bay au Migori, nitaacha asilimia zote. Nitauliza mstari utakuwa yuniti ngapi, na ploti ya mita moja itahesabiwaje. Inawezekana: idadi ya vyumba inaweza kusajiliwa kwenye mita, au mita za pili zikawa rahisi kupata. Vyote vina gharama na udanganyifu wake, najua, mwenye nyumba anaweza kusajili vyumba ambavyo havipo. Lakini ni mjadala unaoweza kufanyika kwa namba.

Kwa sasa fanya hivi. Fungua ujumbe wa tokeni ulizonunua mara ya mwisho. Utaona pesa ulizolipa, kiasi kilichoenda kwa tokeni, na yuniti ulizopata. Gawanya kiasi cha tokeni kwa yuniti. Kwa viwango vya Aprili 2023, ikitoka karibu na 12 ulikuwa chini ya mstari, karibu na 16 ulikuwa katikati, na ikikaribia 21 ulikuwa na wakubwa, hata kama unalala kwa chumba cha futi kumi kwa kumi. Viwango hurekebishwa kidogo mwaka hadi mwaka, kwa hivyo usishtuke namba ikisogea.

Weka jibu lako hapa chini, na useme ni vyumba vingapi kwa mita yenu. Ficha namba ya mita kabla ya kutuma picha. Nitazipanga Jumapili, nikimaliza mtihani wa Ijumaa.